Ukuta wa Futi Nne na Inchi Mbili

Same, Jumatatu 12 Septemba 1988

Nimenunua daftari hili ili niandike kila siku. Nilipojenga zahanati mwaka themanini na mbili sikuandika, na baadaye ikasemwa Sifael amekula saruji. Mifuko ilikuja 60, ukutani ikaingia 60, lakini karatasi ilikuwa mikononi mwa mwingine. Safari hii karatasi iko kwangu.

Leo katibu kata, Bwana Nicolaus, ameniita ofisini. Kamati inataka pale katikati ya mji, palipokuwa duka na ghala la ushirika, pajengwe banda la wananchi: paa juu ya nguzo, wazi pande zote, watu wauze, wakutane, wapumzike kivulini. Tangu ushirika ufe na stendi ihamie barabara kuu, katikati ya mji pamebaki vumbi na mbuzi. Kinyozi amehama, mwenye hoteli amehama. Siku hizi saruji inauzwa madukani bila kibali, kila mtu ruksa kufanya biashara, ila biashara yenyewe imefuata magari.

Yahaya mwenye lori amekiomba kiwanja hicho ajenge nyumba ya wageni. Halmashauri imetupa mpaka tarehe 31 Desemba. Masharti matatu: nguzo zisimame, paa liwe juu, soko la Alhamisi liwe limekaa ndani. Likikosekana moja, kiwanja ni cha Yahaya. Na karakana yangu ya miaka kumi na tisa imo ndani ya mipaka hiyo hiyo. Hilo hakulitaja mtu. Nimelitaja mwenyewe.

Mchoro ni kazi ya Respicius, fundi mchundo wa halmashauri, kijana wa Bukoba mwenye cheti. Wanasema ana shughuli nyingi. Kwa hiyo nichore mimi, bure, yeye agonge muhuri. Cheti changu mimi ni darasa la nne kule Chome na miaka kumi na moja ya kumbebea chokaa mwashi wa shamba la mkonge mpaka akaniachia mwiko.

13 Septemba

Upepo. Hakuna kilichofanyika.

Alhamisi 15 Septemba

Siku ya soko. Nimepima kiwanja: futi 62 kwa 40. Banda litakuwa futi 40 kwa 24, nguzo kumi na mbili. Nimehesabu wauzaji: wanawake wa mlimani 41, wa mpunga kutoka Kihurio 9, wa mitumba 6, Wamasai wawili wa tumbaku. Wale wa mlimani wamejazana kama kawaida kwenye baraza la mawe ambalo malori ya ushirika yalikuwa yanapakulia. Jengo limebomoka, baraza limebaki. Wanaweka matenga pale asubuhi, kisha wanashuka kuuza chini vumbini. Linaziba upande wote wa magharibi.

Jumanne 20 Septemba

Nimechora nyuma ya kalenda. Vizimba 48, kila kimoja futi nne kwa tatu, na njia mbili za kupita. Upande wa mbele jukwaa la mawe, futi tisa kwa sita, kimo futi mbili na nusu, maana Bwana Nicolaus amesema banda bila jukwaa ni zizi. Mke wangu Rahabu ameangalia akauliza, "Na mtu anayefika amechoka atakaa wapi, Baba Doris?" Nimemwonyesha vizimba. Akasema hicho ni cha kuuzia. Wanawake hawajui kusoma mchoro.

Jumatatu 26 Septemba

Nimepeleka mchoro kwa Respicius. Amepiga rula mara tatu, hakupata kosa la kipimo hata moja, na nilimwona akilitafuta. Kisha akauliza, "Mzee, watakaolitumia umewauliza?" Nikamwambia nimewahesabu. Akasema kuhesabu ameniona nikihesabu, yeye anauliza kuuliza. Ana miaka ishirini na sita. Mjini hapa ana miezi minane.

Ameunakili kwenye karatasi ya kungʼaa na pembeni akaandika: Imechorwa na, kisha jina lake. Nimeona. Nimeandika hapa.

Jumanne 4 Oktoba

Msaragambo wa kwanza. Kule kwetu mlimani msaragambo hauna mjadala: ikilia baragumu kila nyumba inatoa mtu, mfereji unazibuliwa, asiyetoka analipa faini. Huku chini kuna Mpare, Msambaa, Mmakonde aliyebaki na mkonge, Mwarusha, na hakuna baragumu. Hata siku ya kazi ilitutesa. Jumamosi Wasabato hawashiki jembe, Jumapili Walutheri na Wakatoliki, Ijumaa Waislamu, Alhamisi soko. Nikapanga Jumanne. Nyumba 118, wamekuja watu 43.

Lakini kazi imefanyika. Mawe ya msingi yangetoka korongoni, safari 40 za mkokoteni. Nikasema kwa nini twende korongoni na mawe tunayo? Tumevunja baraza la ushirika. Mawe mazuri, ya enzi ya Mjerumani, yamechongwa pande nne. Kufikia saa tisa lilikuwa chini lote. Nimeokoa safari 40 na siku tano. Bwana Nicolaus amenishika mkono mbele za watu.

5 Oktoba

Mgongo.

Alhamisi 6 Oktoba

Fujo kidogo sokoni. Wanawake wa mlimani walifika alfajiri wakasimama na mizigo kichwani kama watu waliopotea njia. Yule mkubwa wao, Mama Eliakunda, ambaye shamba lake lilipakana na la marehemu mama yangu, aliniita mara mbili. Nilikuwa nimeshika timazi, msingi wa kona ulikuwa unanisubiri. Nikamwambia, "Nakuja, mama." Nilipogeuka hakuwapo.

Alhamisi 13 Oktoba

Wanawake wa mlimani: 12.

Alhamisi 20 Oktoba

Watatu. Wengine wote wako barabara kuu, kwenye baraza la stoo ya Yahaya. Wale wa Kihurio nao wamewafuata, kwani mnunuzi wa ndizi ndiye huyo huyo mnunuzi wa mchele.

Alhamisi 27 Oktoba

Hakuna hata mmoja.

Nimekwenda kwa Yahaya. Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda anakunywa kahawa, hana haraka, mtu wa magurudumu sita. Nikamwambia ninayajua anayoyafanya: amewaita wanawake kwake ili soko lisikae bandani, Desemba ifike achukue kiwanja.

"Fundi," akasema, "kiwanja nakitaka, sifichi. Nimeandika barua, nimelipa ada, ninasubiri kama unavyosubiri wewe. Lakini mtu sijamwita. Wameanza kuja wenyewe, hata mimi wananizibia mlango."

Nikamuuliza basi kwa nini wamekuja.

"Kawaulize. Au unaogopa watakujibu?"

Makuli wake wakacheka. Nimerudi nikaendelea na nguzo ya saba.

1 Novemba

Nguzo kumi na mbili zimesimama. Zote zimekaa kwenye timazi. Sharti la kwanza limekwisha.

8 Novemba

Mvua ya kwanza ya vuli. Nusu saa, yote kwa mkupuo. Msingi umebaki tambarare kama sahani. Jukwaa limekamilika, mawe mia na kitu, halina hata ufa. Bwana Nicolaus amepanda, akashuka, akapanda tena.

12 Novemba

Kenchi za paa zimepanda. Mabati ya ghala la ushirika yalikuwa 80, matatu yameoza, ninahitaji 77. Yamefika kamili kama mtu aliyepima. Matundu ya misumari ya zamani tunaziba kwa lami.

15, 16, 17 Novemba

Mvua. Alhamisi soko lilikuwa kwa Yahaya.

Jumamosi 19 Novemba

Paa liko juu. Sharti la pili limekwisha na mwezi bado tunao. Nimesimama chini yake peke yangu nikisikiliza matone. Banda zuri kuliko lolote nililowahi kujenga, na ndani kuna mbuzi wawili.

Jumatatu 21 Novemba

Baba mdogo amefariki Chome. Ninapanda kesho.

Alhamisi 24 Novemba

Nina la kuandika leo, na niandike kwa mpangilio.

Jumanne tulizika. Jumatano dada yangu Evaline aliteleza kwenye tope akateguka kifundo cha mguu. Tenga lake la soko lilikuwa limeshafungwa, maharage mabichi chini, ndizi juu. Alikuwa analia, si kwa ajili ya mguu, kwa ajili ya tenga. Nikasema nitalishusha mimi. Tenga la namna ile halikai begani. Nikaketishwa, nikawekwa ngata ya majani ya mgomba, watu wawili wakanitwika. Kwa nilivyotembea polepole bila kugeuza shingo, wanawake tulioongozana nao waliniita bibi harusi njia nzima.

Nina miaka hamsini na nne. Njia ile nimeipita tangu nikiwa mtoto, mikono mitupu au na panga. Kwenye kila kona kuna kingo ya udongo iliyokatwa, kimo cha bega. Siku zote nilidhani ni udongo uliomomonyoka. Usiku wa kuamkia leo, kwa mbalamwezi, niliona kila mwanamke akifika konani anageuka, anakunja magoti kidogo, na mzigo unahamia kwenye kingo wenyewe. Anapumua, anakunja tena magoti, anaendelea. Hamwombi mtu. Nimehesabu kingo 23 mpaka lori linapoishia. Nimezitumia 23.

Leo alfajiri tumeshuka stendi. Tulishushwa na lori la Yahaya, tenga likapimwa kwenye mizani yake: kilo 38. Wenzangu wakaenda zao barazani kwake. Mimi, kwa kiburi, nikamwambia utingo anitwike, nikaenda bandani kwangu. Hatua 600. Nikasema ndizi za dada yangu zitauzwa chini ya paa nililolijenga.

Nikafika. Hakukuwa na mtu. Nguzo kumi na mbili, vizimba 48 vilivyo sawa na sakafu, jukwaa la futi mbili na nusu. Nilizunguka banda langu lote na kilo 38 kichwani nikitafuta mahali pa kuziweka na sikupata. Kuinama huwezi, shingo inakukataa. Kuchuchumaa nilijaribu. Goti la kulia likakataa, tenga likaenda mbele, na maharage ya Evaline yakatawanyika kwenye sakafu yote, mengine mpaka mtaroni.

Nimeokota. Robo saa nzima nimeokota. Kisha nikarudi stendi kwa Mama Eliakunda. Alikuwa anapanga mafungu ya ndizi, hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetua?"

"Limeanguka."

Ndipo akaniangalia. "Basi kaa, sasa tunaweza kuongea."

Akanieleza, wala hakupandisha sauti. Kule mlimani kumtua mwenzio ni salamu. Huku mjini ukimwomba mtu akutue, anashika tenga kwa mikono miwili, halishushi, anauliza ndizi bei gani. Uko chini ya mzigo tangu saa tisa ya usiku, shingo imekufa, unamtajia bei yoyote ilimradi atue. Mzigo unafika chini umeshauzwa. Kwenye baraza la ushirika walikuwa wanatua wenyewe, wanajinyoosha, wanakunywa uji, ndipo wanauza wakiwa na akili zao. Likavunjwa. Baraza lingine lenye kimo kile mji mzima ni la Yahaya.

"Nilikuita mara mbili siku ile," akasema.

"Nilikuwa na timazi."

"Nilikuona. Ulikuwa unanyoosha jiwe."

Nimeandika hivi hivi alivyosema.

25 Novemba

Rahabu ameniuliza ndizi ziliuzwaje. Nimemwambia kwa Yahaya, na bei ilikuwa nzuri.

Alhamisi 1 Desemba

Nimekwenda stendi na futi kamba. Nilimwomba Mama Eliakunda ruhusa niwapime. Akasema wapimwe wote au asipimwe mtu. Wamepimwa 37. Mimi nasoma, Rahabu anaandika, wao wanacheka. Mmoja akauliza kama ni sanduku la kuzikia ninawachongea. Nimepima kutoka chini mpaka begani, magoti yakiwa yamekunjwa kama anayetua. Wengi wanaangukia futi nne na inchi mbili. Wafupi na wazee tisa wanaangukia futi tatu na inchi nane. Baraza la ushirika lilikuwa na kimo gani sikuwahi kulipima kabla ya kulivunja. Mimi, ambaye hupima hata mlango wa choo.

6 Desemba

Hesabu. Ukuta wa kutulia, upande wa magharibi kati ya nguzo, juu ya msingi uliopo. Urefu futi 24, unene inchi 16. Futi 16 za kimo kikubwa, futi 8 za kimo kidogo. Jumla ya mawe: futi 128 za ujazo. Saruji iliyobaki: mifuko mitano, inatosha. Mawe yaliyobaki: hakuna. Mkokoteni hauingii korongoni mpaka tope likauke, na tope halikauki kabla ya Januari.

Jukwaa: tisa kwa sita kwa mbili na nusu. Futi 135.

Nimepiga hesabu mara nne nikitumaini nimekosea.

Ijumaa 9 Desemba

Sherehe za Uhuru. Bwana Nicolaus amehutubia kutoka jukwaani dakika hamsini. Watoto wa shule, kamati, na mbuzi. Alishuka amefurahi kama mtu aliyenunua baiskeli mpya. Amesema Februari, sikukuu ya chama, ataalika watu wa mkoa.

Jumanne 13 Desemba

Mchoro ukishagongwa muhuri haubadilishwi bila mkono wa aliyegonga. Nimekwenda kwa Respicius. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Nilishatunga hata maneno ya kumjibu. Nikamweleza yote, na maharage pia.

Aliutandaza mchoro mezani. Kisha akasema mama yake anauza senene na ndizi gulioni kwao, na mtu aliyekuwa akimtua alikuwa anajichukulia chane moja kila siku, miaka yote. "Ndiyo maana nilikuuliza mwezi wa tisa, mzee. Ulinijibu kwa hesabu nikaona aibu kurudia."

Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jukwaa, akachora ukuta, akaandika vipimo nilivyomtajia, akatia sahihi, tarehe na muhuri. Nikamkumbusha kwamba Bwana Nicolaus ndiye anayeandika taarifa ya kazi yake kila mwisho wa mwaka. Akasema analijua hilo. Kisha pale pembeni, chini ya jina lake, akaongeza langu. Sikumwomba.

Jumamosi 17 Desemba

Nimeacha kupigana na kalenda. Nimetangaza siku mbili mfululizo: asiyeweza Jumamosi aje Jumapili. Leo wamekuja Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, 29. Tumevunja jukwaa. Nyundo ya kwanza nimepiga mimi, ili ikiulizwa ni nani, jibu liwepo.

Jumapili 18 Desemba

Wasabato 24. Na saa mbili asubuhi, bila kutangaziwa, Mama Eliakunda na wanawake 19 wa Chome, ambao wana Alhamisi ya kushuka na hii si Alhamisi. Kule juu lilipulizwa baragumu. Walibeba mawe kichwani kutoka mbele mpaka magharibi, na kila aliyefika alitua juu ya ukuta wenyewe ulipokuwa umefikia kimo, nami napokea, napanga. Nyumba iliyokosa mtu leo, akasema Mama Eliakunda, italipa faini ya debe la mahindi. Nikauliza debe hilo litalipwa kwa nani. "Kwetu," akasema. "Wewe ulishalipa maharage."

Jumatano 21 Desemba

Ukuta umekamilika. Bwana Nicolaus amefika saa nne.

Alitafuta jukwaa kwa macho kama mtu anayetafuta miwani. Kisha akauliza, "Nani amekuruhusu?"

Nikampa mchoro wenye wino mwekundu. Akausoma, akaukunja, akautia mfukoni mwake. Akasema vizuri sana, ukaguzi ni Alhamisi ya tarehe 29, atakuja na ofisa wa halmashauri, na masharti yatasomwa neno kwa neno. Soko likiwa halimo, yeye mwenyewe ataandika barua ya Yahaya. Respicius naye amepewa siku saba za kujieleza kwa maandishi.

Nina nakala ya mchoro. Hilo nilijifunza kwenye zahanati.

22 Desemba

Soko. Mvua kubwa tangu alfajiri, lori halikushuka. Hakuna aliyeuza popote.

25 Desemba

Kanisani. Wali, kuku mmoja, watu tisa.

27 Desemba

Mvua. Njia ya mlimani imekatika mahali pawili, anasema dereva.

Alhamisi 29 Desemba

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa bandani. Hakuna mtu. Saa kumi na mbili na nusu, hakuna. Saa moja akaja Respicius, amevaa shati la kazini, akakaa juu ya mfuko mtupu wa saruji. Saa moja na nusu akaja Yahaya kwa miguu. Nikamuuliza lori liko wapi.

"Limezama kilomita nane kutoka hapa, mpaka ekseli. Abiria wameshuka."

"Wamerudi?"

"Fundi, mimi ningekuwa na tenga ningerudi. Sijui wao."

Bwana Nicolaus na ofisa walifika saa mbili kasorobo. Ofisa ni mtu mzima, mpole, ana viatu visivyofaa tope. Akahesabu nguzo, akaandika. Akatazama paa, akaandika. Kisha akauliza, "Na soko?" Bwana Nicolaus akatazama saa yake mbele yetu, akaishikilia mkono ukiwa juu.

Nikasema wanakuja. Sikuwa na haki ya kulisema hilo. Nililisema.

Saa mbili na dakika kumi walitokea upande wa reli, mstari mmoja, tope mpaka magotini. Njia ya kutoka kule inapita kwanza stendi. Nilitazama kama watakata kona kuelekea baraza la Yahaya. Wa kwanza hakukata. Wa pili hakukata. Mama Eliakunda alikuwa wa tano.

Waliingia bila kelele. Mmoja mmoja aligeuka, akakunja magoti, tenga likakaa ukutani. Wale wafupi walijua kwao ni wapi bila kuelekezwa. Ilisikika ile pumzi tu, moja baada ya nyingine. Ofisa aliacha kuandika. Akauliza ukuta ule ni wa nini, kisha akasema mwenyewe, "Ah, nimeona."

Nimehesabu 34. Saba walirudi mlimani kutoka lori lilipozama, na siwalaumu.

Bwana Nicolaus akasema kwenye mchoro uliopitishwa palikuwa na jukwaa, na kwamba kiongozi lazima awe na mahali pa kusimama. Mama Eliakunda alikuwa anajifuta shingo na pembe ya kanga.

"Simama hapo hapo ulipo, mheshimiwa. Tunakuona."

Walicheka, si kwa ubaya, na hata ofisa alikohoa. Bwana Nicolaus naye alisimama hapo hapo. Ofisa akasoma masharti matatu kwa sauti, akatia alama tatu, akamkabidhi Bwana Nicolaus kalamu. Upepo ulikuwa unamnyangʼanya karatasi. Akaangalia huku na huku, kisha akaiweka juu ya ukuta kati ya matenga mawili, akaibana kwa kiwiko, akatia sahihi akiwa amesimama wima.

Alipomaliza akaniambia jukwaa lirudishwe kabla ya tarehe tano Februari. Nimesema sawa. Mawe sina, na hakuniuliza.

Yahaya alinipa mkono. Atajenga nyumba ya wageni kule stendi, anasema, ila Alhamisi lori litakuja kusimama huku, kwa sababu abiria wa kurudi wako huku. Nilimwomba radhi kwa maneno ya Oktoba. Akasema aliyasahau, halafu akayarudia yote mbele ya makuli wake, neno kwa neno, mpaka nikacheka.

31 Desemba

Respicius ameandika maelezo yake kurasa mbili. Nimemsaidia vipimo. Majibu baada ya mwaka mpya.

Alhamisi 5 Januari 1989

Wanawake wa mlimani 39. Kihurio 9. Mitumba 4. Kinyozi amekuja kuangalia nafasi, anajifanya anapita.

Saa tatu ametua mwanamke mmoja ambaye hakuna anayemjua, wa kutoka Kwakoa, na kiroba cha samaki wakavu wa ziwa Jipe. Aliona wengine wanavyofanya, naye akafanya. Akajinyoosha, akanisogelea, akaniuliza maji ya kunywa yako wapi.

Nikaupitia mchoro kichwani. Nguzo, paa, jukwaa, vizimba, ukuta. Miezi minne, mihuri miwili, kamati ya watu kumi na mmoja, na mimi ninayejua hesabu, hakuna aliyeandika maji.

Nimempeleka bombani. Hatua 212. Nimezihesabu tena wakati wa kurudi: 212.